Mali Izaayo na Mali Izeekayo

Mali ni za namna mbili: mali izaayo na mali izeekayo. Ng'ombe, shamba na elimu ni katika mali za namna ya kwanza. Nguo, samani na motokaa ni katika mali za namna ya pili. Tofauti hii ni nyepesi kuitaja lakini ni nzito kuishika, kwa sababu mali izeekayo aghalabu hupendeza zaidi macho siku ile inaponunuliwa. Ndama huja duniani amelowa, miguu ikimtetemeka; motokaa huja inang'aa na kuunguruma. Baada ya miaka mitano ndama amekuwa mama wa ndama wengine, na motokaa imekuwa mgonjwa wa kila mwezi. Hata hivyo, watu wenye akili timamu huuza ng'ombe wakanunua motokaa, na si haki kuwaita wapumbavu kabla ya kusikiliza sababu zao.

Wilaya za Tarime na Serengeti, katika Mkoa wa Mara, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Upande wa kaskazini uko mpaka wa Kenya, ambao pale Sirari umepita katikati ya watu wa kabila moja, Wakurya wa huku na Wakurya wa huko. Kati iko Nyamongo, ambako dhahabu imechimbwa kwa mitambo mikubwa tangu mwaka 2002. Kusini, ng'ambo ya Mto Mara, uko mji wa Mugumu, na baada ya Mugumu lango la Ikoma, ambalo ni mlango mmoja wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyoanzishwa mwaka 1951. Katika eneo hili hukutana magari ya kila namna: malori ya mgodi, Land Cruiser za watalii zenye paa la kufunguka, pikipiki za bodaboda, na motokaa ndogo za abiria ambazo watu wa Kanda ya Ziwa wamezipa jina la michomoko. Na katikati ya magari hayo hupita ng'ombe, ambao hawajapata kupisha gari lolote kwa hiari yao.

Kwa Wakurya ng'ombe si nyama na maziwa tu. Ng'ombe ni mahari, na mahari ni mkataba. Kwa desturi, ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti ndio ambao kaka yake huolea mke. Kwa hiyo ndoa ya dada hufungua njia ya ndoa ya kaka. Na ndoa ya dada ikivunjika, ng'ombe hudaiwa. Zizi la baba, basi, ni zaidi ya zizi. Ni daftari ambalo ndani yake zimeandikwa haki na deni za nyumba mbili, na maandishi yake hutembea kwa miguu minne.

Katika nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, upande wa Nyamwaga, habari za miaka michache iliyopita zilikwenda hivi. Binti mkubwa aliolewa ng'ambo ya Mto Mara, katika Wilaya ya Serengeti, na ng'ombe 12 wakaingia zizini. Mdogo wake wa kiume alikuwa na umri wa miaka 24, naye alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu mwingine kati ya Tarime na Sirari. Kwa desturi zamu ya kuoa ilikuwa yake. Lakini kijana alipoketi mbele ya wazee hakutaja jina la mchumba. Alitaja jina la motokaa.

"Baba," alisema, "mke atanisubiri, abiria hawasubiri."

"Mwanangu," baba akajibu, "ng'ombe hawa ni wa dada yako kabla hawajawa wako."

Baba mdogo akaingia katikati. Akakumbusha kwamba ng'ombe huibwa usiku mmoja, na wizi wa mifugo ni jambo ambalo hapana mzee wa Tarime asiyelijua kwa msiba wake au wa jirani yake. Akakumbusha maradhi. Akakumbusha kwamba malisho yanapungua: huku mashamba, huku mgodi, na huko mbele mpaka wa hifadhi ambao ng'ombe akiuvuka ni kosa. "Zamani," alisema, "mtu alikuwa na ng'ombe kwa sababu alikuwa na nyasi. Leo nyasi ziko wapi?" Hoja hii haikuwa ya kijinga. Mali izaayo huzaa mahali inapopata kula. Isipopata, nayo huzeeka na kufa kama nyingine yoyote. Basi baada ya siku nyingi za maneno wakauza ng'ombe 9, wakabakiza 3, wakaongeza mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na motokaa ikaagizwa.

Motokaa yenyewe ilikuwa Toyota Probox. Historia yake yafaa kuelezwa, maana yaonyesha jinsi mwisho wa kitu mahali pamoja unavyoweza kuwa mwanzo wake mahali pengine. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Haikukusudiwa kuwa gari la fahari. Ilikuwa gari la kazi, la kubebea bidhaa za makampuni na maduka ya huko. Sheria ya Japani hutaka gari likaguliwe kila baada ya muda, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Kwa hiyo wengi huona heri kuliuza gari lingali zima kuliko kulilipia tena. Na kwa kuwa Wajapani, kama watu wa Tanzania na Kenya, huendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani wa magari yao uko pale dereva wa Tarime anapoutaka. Hivyo gari lililochoka kwa hesabu ya Japani huanza ujana wa pili Afrika ya Mashariki.

Ujana huo hautolewi bure. Tanzania haikatazi gari kukuu kuingia, bali hulitoza. Uko ushuru wa forodha, ambao kwa muda mrefu umekuwa asilimia 25; iko kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18; na juu ya hayo gari la abiria lililozidi miaka 10 hutozwa nyongeza ya ushuru wa bidhaa ya asilimia 30 kwa sababu ya umri wake. Kenya imeamua vingine: gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia kabisa. Basi pale Sirari ndugu wawili wa ukoo mmoja waweza kusimama hatua chache tu, kila mmoja upande wake wa mpaka, na gari la umri ule ule likawa halali kwa mmoja na marufuku kwa mwingine. Sheria zote mbili zina hoja. Ile ya Kenya yalinda hewa na viwanda vya kuunganisha magari. Ile ya Tanzania yamfungulia mlango mtu wa kipato kidogo, ingawa humtoza sana mlangoni. Walakini zote mbili zakiri jambo moja, kwamba nchi hizi hupokea kilichobaki baada ya wengine kushiba.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya neema. Motokaa ilikwenda Sirari na kurudi, ikaenda Nyamongo, na siku za mnada ikabeba watu na kuku pamoja. Gari lililoundwa kwa watu watano liliitikia kubeba zaidi ya watano, kwa hasara ya springi zake na kwa hatari ya wote waliomo. Usiku mmoja wa mvua lilimchukua jirani aliyeshikwa na uchungu, likampeleka hospitali, na asubuhi mama na mtoto walikuwa wazima. Kwa ajili ya usiku ule peke yake watu wengi wa kijiji waliona kwamba ng'ombe 9 hawakupotea. Nao hawakukosea. Yapo mambo ambayo ng'ombe hata mia hawawezi kuyafanya, na kumfikisha mzazi kwa mkunga kabla ya alfajiri ni mojawapo.

Tatizo lilikuwa katika hesabu. Kila jioni kijana alihesabu fedha za siku, akatoa za mafuta, na zilizobaki akaziita faida. Baba yake, ambaye alifundisha hesabu miaka mingi, alimletea daftari la kurasa mia na kumwambia atie ndani yake safu ya tatu. Safu ya kwanza ni mapato, ya pili ni matumizi. "Ya tatu ni nini, baba?" kijana akauliza. "Ya tatu ni gari lenyewe," baba akajibu. "Kila siku unauza kipande chake kwa abiria, na wewe unadhani unauza nafasi tu." Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kijana aliiandika safu ile kwa juma mbili, akaona inamtia huzuni, akaiacha.

Yafaa kusema kweli kwa upande wake pia. Fedha hazikupotea katika anasa. Mkopo ulilipwa wote. Nyumba ya mama iliezekwa bati. Binti mdogo, wa mwisho katika nyumba ile, alimaliza shule ya sekondari kwa fedha za abiria, akaendelea na chuo cha uuguzi. Lakini mwaka wa tatu injini ikaanza kula mafuta ya kulainishia, sanduku la gia likagoma, na barabara ya Tarime hadi Mugumu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo na changarawe, ikamaliza kile ambacho umri ulikianza. Motokaa ikawa siku mbili barabarani na siku nne gereji.

Katika majira hayo hayo binti mkubwa alirudi nyumbani. Alirudi na mtoto mgongoni na alama usoni, na hakuwa na haja ya kueleza sana. Upande wa mume ukatuma wazee: ama arudi, ama ng'ombe warudi. Hapo ndipo uzito wa jambo lote ulipoonekana. Maadamu ng'ombe wapo zizini, binti ana njia ya kutokea. Ng'ombe wakiisha, njia huziba. Baadhi ya wazee walianza kusema maneno laini ambayo ndani yake yalikuwa magumu: kwamba ndoa ni uvumilivu, kwamba kila nyumba ina moshi wake, kwamba pengine mume amejuta. Hawakusema kwamba hapakuwa na ng'ombe wa kurudisha, lakini kila mtu alijua kwamba hilo ndilo lililokuwa likisema kwa vinywa vyao. Motokaa iliyokuwa ikibeba kila mtu popote atakapo ilikuwa sasa yamzuia mtu mmoja asiende popote.

Dada hakuwalaumu. Alimwambia kaka yake, "Mdogo wangu, sikukukataza kununua gari. Lakini mimi nilikuwa ndani ya zizi lile, na hukuniuliza."

Kijana akauza motokaa. Mnunuzi aliifungua boneti, akatikisa kichwa, akataja bei ambayo mwenye gari hawezi kuisahau. Fedha zile zilitosha ng'ombe 3. Na wale 3 waliobakizwa zizini, bila kutiwa mafuta wala kubadilishwa tairi, walikuwa wamekuwa 6. Wazee wa pande mbili waliketi, wakamhesabu mtoto, wakahesabu miaka, wakakubaliana ng'ombe 9. Wakatolewa wote. Zizi likabaki tupu, na dada akabaki huru.

Hesabu hii yastahili kutazamwa tena kwa utulivu. Ng'ombe 9 waliogeuzwa motokaa walirudi 3. Ng'ombe 3 walioachwa walikuwa 6. Mwenye haraka atasema kwamba fundisho limekwisha: usiuze ng'ombe, usinunue gari. Lakini hesabu hiyo haijamtia ndani muuguzi. Sehemu ya wale ng'ombe 6 wasiorudi haikuoza barabarani. Ilipita katika motokaa ikatokea upande wa pili kuwa elimu, na elimu ni mali izaayo. Basi mali izeekayo si haramu. Ni kama daraja la Kirumi juu ya Mto Mara: heri yake ni kumvusha mtu, na mtu hajengi nyumba yake darajani. Kosa la nyumba ile halikuwa kununua motokaa. Kosa lilikuwa kuweka rehani, kwa ajili ya kitu kizeekacho, haki ya mtu ambaye hakuulizwa.

Na yaliyo kweli kwa nyumba ni kweli kwa nchi. Mwaka 1929 jamaa ya Toyoda ya Japani, waliokuwa waundaji wa mitambo ya kufumia nguo, waliiuzia kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza haki ya kuunda mtambo wao. Hawakuuza mtambo ili wanunue motokaa za Wazungu na kuzipanda. Mwaka 1933 walifungua ndani ya kiwanda chao cha mitambo idara ya kujifunza kuunda motokaa, na mwaka 1937 kampuni ya Toyota ikasimama peke yake. Nao waliuza mali yao, kama kijana wa Nyamwaga alivyouza ng'ombe. Lakini wao walinunua ujuzi, na ujuzi ule ukazaa, hata leo watoto wake wamejaa katika kituo cha magari cha Tarime.

Afrika ya Mashariki nayo imejaribu. Tanzania ilianzisha Kibaha, chini ya jeshi lake, kituo cha teknolojia ya magari ambacho jina lake mashuhuri ni Nyumbu, na lori lililoundwa huko likaitwa kwa jina hilo hilo. Jina lilikuwa zuri mno. Nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja, na kila mwaka huvuka Mto Mara kwa makundi wakifuata majani. Lori la Nyumbu halikupata kuwa kundi. Kenya, mwaka 1986, ilikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiongoze kazi ya kuunda gari la taifa. Mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa watu, yakaundwa magari 5 ya majaribio, na kiwanda cha kuyazidisha hakikufuata. Uganda, mwaka 2011, ilitoa katika Chuo Kikuu cha Makerere motokaa ya umeme iliyoitwa Kiira EV, na kazi ile imeendelea hata ikafikia mabasi ya umeme.

Habari hizi huelezwa mara nyingi kwa kicheko, na kicheko hicho si haki. Gari la kwanza la mtu yeyote huzimika njiani. Lililokosekana Nairobi na Kibaha halikuwa akili ya kuunda gari moja; lilikuwa subira ya kuunda la mia moja, na soko la kulinunua, na mafundi wa kulitengeneza kila wilaya. Ndama mmoja si kundi. Kundi hutaka malisho, na malisho ya kiwanda ni viwanda vingine: cha chuma, cha mpira, cha kioo, cha nyaya. Nchi inayoanza na gari zima kabla ya kuwa na mtu wa kuunda springi yake hufanana na mtu anayetaka maziwa kabla ya kupanda nyasi.

Lakini nyasi hazikosekani kabisa. Arusha yako makarakana ambayo hupokea Land Cruiser mpya, huikata, huirefusha, huitia viti na paa la kufunguka, ikawa chombo cha kutazamia wanyama. Na magari hayo ndiyo yapitayo lango la Ikoma kila siku. Hapana mtalii anayejua kwamba nusu ya gari alilopanda ni kazi ya mikono ya Kitanzania. Na katika gereji za Tarime, chini ya miembe, mafundi huziinua Probox kwa vipande vya chuma au mpira vilivyochongwa kuwekwa juu ya springi, ili tumbo la gari lisigonge mawe. Mhandisi wa Japani hakuiona barabara ya Nyamongo. Fundi wa Tarime ameiona, naye ameirekebisha kazi ya mhandisi kwa kadiri ya barabara ile. Huo ni mwanzo wa kiwanda. Kasoro yake ni moja: haukuandikwa. Fundi akifa, kipimo chake hufa naye, na kijana anayefuata huanza tena kwa kubahatisha.

Hapa pana kazi kwa wasomi, wala si kwa wahandisi peke yao. Lugha ya Kiswahili ilipoiona motokaa kwa mara ya kwanza haikukaa kimya. Ilichukua usukani wa jahazi ikautia mkononi mwa dereva. Ikachukua jina la fundi, lililokuwa la mwashi na mshonaji, ikalipa kichwa kingine. Penye haja ikakaribisha wageni: springi, breki, gia, plagi, rejeta. Lugha iliyoweza kukipa jina kila kiungo cha gari yaweza kueleza jinsi kila kiungo kinavyoundwa. Kitabu kimoja cha Kiswahili safi, chenye vipimo na michoro, kinachoeleza yale ambayo mafundi wa Tarime, Mugumu na Arusha wanayajua kwa mikono, kingeweza kuwa mali izaayo kuliko karakana moja ya fahari iliyofunguliwa kwa hotuba na kufungwa kwa ukimya.

Yule kijana bado hajaoa. Yuko gereji moja mjini Tarime, si mwenye gari bali mwanafunzi wa fundi, na mikono yake ni myeusi tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Motokaa yake ya zamani huletwa hapo mara kwa mara na mwenyewe mpya, naye huijua kwa sauti kabla haijakata kona. Ana daftari la kurasa mia. Safu ya kwanza ameandika ugonjwa wa gari, ya pili dawa, na ya tatu, ambayo hakumwonyesha mtu ila baba yake, ameandika sababu.